Darasa la Vichekesho Lililonirudisha Nyumbani Kisarawe

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi, na wote mliofika leo kwenye kikao chetu cha kufa na kuzikana, kila mmoja apokee salamu za imani yake. Mwenyekiti ameniomba nisimame dakika kumi. Wanaonijua wanajua dakika kumi mimi huzimaliza kwenye salamu, kwa hiyo mnivumilie.

Kwanza mnijue vizuri, maana wengine mnaniona tu nikipita na gari hapa mtaani kwetu Picha ya Ndege. Mimi nina stashahada ya majokofu na viyoyozi. Niliisoma kwa jasho langu, hakuna mjomba wala shangazi aliyenilipia. Nikaenda Maskati, nikakaa miaka kumi na minne. Nilianza kwa kubeba ngazi. Nilipoondoka nilikuwa msimamizi wa mafundi ishirini na wawili, na nikiingia karakana wote walikuwa wanasimama. Nimerudi, nimejenga, nimefungua karakana yangu mwenyewe. Kiyoyozi kikikataa kwa mafundi wengine wa hapa Kibaha, kinaletwa kwangu. Hayo si majivuno, ni maelezo. Namsikia mama mmoja kule nyuma anaguna. Mama yangu, subiri kidogo, muda si mrefu utaniona nikianguka.

Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kuwa na nyumba, gari na cheti chenye fremu ukutani, akawa hana pa kwenda siku ya Idi. Mimi nilifika hapo.

Kwetu ni Kisarawe. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo sana, akanilea dada yangu mkubwa. Kwa hiyo nikisema dada, nyie sikieni mama. Mwaka huu akafariki mjomba wetu, ndugu wa mama, mshona nguo ambaye nusu ya Kisarawe imeolewa kwa magauni yake. Nikafunga karakana, nikaenda. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma na kuiona dunia, nikajipa mwenyewe kazi ya kusimamia mazishi. Hakuna aliyeniomba. Nikachapa ratiba: saa sita na nusu kuosha mwili, saa saba na nusu mwili kutoka ndani, na kadhalika. Nikaibandika mlangoni kwa gundi ya karatasi.

Sasa wengi wenu mmetoka mbali, Moshi, Musoma, Bukoba, na kwenu watani ni wengine. Sisi Wazaramo tuna utani na Wanyamwezi tangu enzi za mababu. Mtani ana kazi msibani. Anachota maji, anapika, anawabembeleza wafiwa wale. Na ana haki zake. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, akaiga sauti yake, akaziba njia ya jeneza mpaka apewe kitu kidogo cha kumtoa pale. Watu wanalia na kucheka kwa wakati mmoja, na kile kicheko ndicho kinachomwezesha mfiwa kunyanyuka. Haya yote niliyajua toka utotoni. Niliyasahau kwa makusudi. Kule nilikokuwa niliona kila kitu kina saa yake na mstari wake, nikadhani huo ndio ustaarabu wote.

Saa saba na nusu ikafika, tukanyanyua jeneza. Kufika mlangoni, amekaa bibi mmoja wa Kinyamwezi, jirani yetu tangu sijazaliwa. Amevaa kanzu ya mjomba, kofia ya mjomba, na shingoni ile futi kamba yake ya kupimia nguo. Miguu ameinyoosha, mlango wote umezibwa.

"Hatoki mtu!" akasema, kwa sauti ya mjomba kabisa, mpaka na kile kikohozi chake. "Suruali ya shehe sijaipinda, mnanipeleka wapi? Na nani kanibandikia saa ya kuondoka? Kwani mimi treni?"

Watu wakaangua kicheko. Dada yangu, ambaye tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni, akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikaangalia saa. Tulikuwa tumechelewa dakika nne.

"Mama, ondoka mlangoni," nikamwambia. "Hapa pana msiba, hapana mchezo."

"Njoo nikupime kwanza," akasema, akinyoosha ile futi kamba. "Nione kama sanda itakutosha wewe na kiburi chako humohumo."

Ndugu zangu, nikamvua kofia kichwani. Kwa mkono wangu huu. Nikawaambia wanaume wawili wamnyanyue wamweke pembeni.

Hakuna aliyecheka tena. Wale wanaume hawakusogea. Bibi akanyanyuka mwenyewe, akaivua kanzu, akaikunja vizuri kama inatoka dukani, akaiweka juu ya mkeka. Akasema neno moja tu, "Twendeni." Watani wote wakaacha walichokuwa wanafanya, wakamfuata. Tuliporudi kutoka makaburini tulikuta wali umeungua masufuria yote, pipa la maji tupu, na watu wamekaa chini wanaangaliana. Lakini ratiba yangu ilikwenda sawasawa, dakika kwa dakika. Chekeni tu. Siku ile mimi niliona nimefanikiwa.

Jioni dada akaniita ndani.

"Mdogo wangu, wewe umesoma," akasema. "Mimi niliishia darasa la saba. Hebu nielimishe. Siku aliyokufa mama, nani alikubeba mgongoni kutwa, anakuigizia punda na jogoo, ili usituone tunavyolia?"

Sikukumbuka.

"Ni huyo uliyemvua kofia."

"Dada, nitamwomba radhi. Nitampelekea mchele na kitenge."

"Mpelekee unachotaka. Ila arobaini ya mjomba uje na watani. Kama huwezi kuja nao, usije. Wala Idi usije. Ukoo usio na watani unazikana kimyakimya kama paka, na mimi sitaki kuzikwa hivyo."

Alinilea mwanamke yule, na sijawahi kumsikia akirudia neno lake mara mbili. Nikawa na siku arobaini.

Wiki haijaisha nikapeleka mchele na kitenge kwa bibi. Nilimkuta uani kwake anamenya muhogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba ninazo nyingi," akajibu, macho kwenye kisu. "Zako tu ndizo sina."

Nikaeleza. Nikaomba radhi kwa Kiswahili safi, mnanijua nikiamua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akausukuma mfuko wa mchele kwa mguu ukarudi upande wangu. "Mtani haombwi radhi kama bosi wako wa Maskati," akasema. "Ulinikata kicheko mbele za watu. Nirudishie kicheko changu. Siku utakayonichekesha, nitarudi kwa dada yako, na wenzangu wote nitarudi nao."

Nikaona hiyo kazi rahisi. Nikarudi Kibaha, nikakusanya vichekesho kumi na vinne, nikavichapa, nikavipa namba. Wiki iliyofuata nikasimama mbele yake, nikamsomea. Cha kwanza kimya. Cha pili kimya. Cha sita, mimi mwenyewe nikacheka ili kumsaidia. Akaniuliza, "Vimebaki vingapi?" Nikamwambia vinane. Akaegemea ukuta, akalala usingizi.

Niliporudi nyumbani nilikuwa mdogo kama sindano. Mke wangu ndiye aliyeniletea tangazo alilolikuta limebandikwa dukani: mafunzo ya kuchekesha papo kwa papo, bila kuandika wala kukariri, kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Nikamuuliza, "Wanatoa cheti?" Akanijibu, "Mume wangu, vyeti unavyo. Wewe nenda kacheke."

Nikaenda. Nilivaa tai. Nilibeba daftari, kalamu mbili, na nakala ya stashahada yangu, endapo wangetaka kujua kiwango changu. Nikafungua mlango, nikakuta watu saba pekupeku wamesimama duara, wanarushiana mpira ambao haupo.

"Karibu, baba," akasema mwalimu. Binti mdogo, anaweza kuwa mwanangu. "Daka!"

"Nidake nini?"

"Mpira."

"Siuoni."

"Hata sisi hatuuoni," akasema mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa pembeni yangu. "Wewe daka tu, mzee mwenzangu, unatuchelewesha."

Zoezi la pili wakanipanga na mama lishe mmoja wa pale stendi. Hakuna aliyetuambia tuseme nini. Yule mama akanijia mbio, ameshika tumbo: "Daktari, nisaidie! Nimemeza jogoo mzima na bado anawika!"

Nikamjibu, "Samahani, mama, mimi si daktari. Ni fundi wa majokofu, ngazi ya stashahada."

Mama lishe akabaki pale, mkono tumboni, hajui aende wapi. Mwalimu akapiga makofi kutusimamisha. "Baba, umeona ulichofanya? Mwenzio kakupa jogoo. Wewe umempa cheti." Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Binti akangoja wanyamaze, akaniambia taratibu, "Mwenzio akikupa kitu, kipokee, halafu ongeza chako. Ukikikataa mchezo unakufa, na yeye unamwacha peke yake mbele za watu."

Ndugu zangu, ile sentensi ya mwisho ilinirudisha Kisarawe. Nilimwona bibi pale mlangoni, miguu ameinyoosha. Alikuwa ananipa kitu. Alinipa treni, alinipa sanda na futi kamba. Mtoto yeyote wa Kisarawe angejibu, "Nipime kiuno tu, bibi, kiburi nitakiacha nyumbani," watu wakacheka, jeneza likapita. Mimi nilimwacha peke yake mbele za watu, na watu wenyewe walikuwa wafiwa.

Msidhani nilibadilika siku hiyo. Jumamosi ya pili nilikuwa hovyo, na ya tatu nikawa hovyo zaidi, kwa sababu sasa nilitaka kuwa bora darasa zima. Kila mwenzangu akifungua mdomo, mimi nilikuwa tayari na jibu kali, sijamsikia hata amesema nini. Binti akaniambia, "Baba, usimchekeshe mtu. Msikilize." Nikakasirika. Kwenye gari nikajisemea, mimi niliyesimamia mafundi ishirini na wawili, nafundishwa kusikiliza na mtoto wa juzi?

Jumamosi ya nne akanipa adhabu. Akasema leo baba hasemi neno hata moja, leo baba ni jokofu bovu, na mwalimu mstaafu ni fundi. Jamani, hapo walinigusa penyewe. Nikasimama, nikaanza kunguruma kama kompresa iliyochoka. Yule mzee akanipiga kofi mgongoni, nikatetemeka. Akachomoa waya, nikazima. Akafungua mlango wangu, akapiga kelele, "Kha! Nani kahifadhi samaki humu tangu Pasaka?" nikadondosha samaki mmoja mmoja. Ilibidi nimsikilize kila alichofanya, kwani bila yeye sikuwa na la kufanya. Nawaambia, hakujapata kutokea jokofu bora kuliko mimi mkoa mzima wa Pwani. Hilo najisifu, na nina mashahidi saba.

Nilipokuwa naendesha kurudi nyumbani nikafikiri jambo moja. Kazini kwangu, kabla sijashika bisibisi, nainamisha sikio kwenye mashine. Nasikiliza inavyonguruma, nasikiliza inavyokata. Inaniambia yenyewe inaumwa wapi. Mashine nimezisikiliza maisha yangu yote. Watu nilikuwa nawapa ratiba.

Arobaini ilikuwa iangukie Jumapili. Alhamisi yake nikaenda Kisarawe. Sikubeba mchele. Sikubeba karatasi. Sikuwa na neno hata moja kichwani, na kwa mtu kama mimi hiyo ni sawa na kutoka nje bila suruali. Bibi alikuwa uani, na wenzake wawili wa Kinyamwezi, kila mmoja na muhogo wake na kisu chake.

"Shikamoo, bibi."

Hakuniangalia. Akawageukia wenzake. "Jamani, nani kaacha maiti uani kwangu? Tena imefungwa tai! Wazaramo siku hizi wanatupa maiti popote?"

Yule mimi wa zamani angesema, "Bibi, mimi ni mzima, nimekuja kwa mazungumzo." Neno lilishafika mdomoni, wallahi. Nikalimeza. Nikajilaza chini, pale pale mchangani, na suti yangu ya kijivu, mikono kifuani, nikafumba macho.

Kuku akaja, akanipanda tumboni. Nikamwacha.

"Imekufa kweli," akasema mmoja wa wale wanawake.

Nikasikia kigoda kinaburutwa karibu yangu. "We maiti," akasema bibi. "Umekufa kwa ugonjwa gani?"

"Stashahada," nikajibu, macho nimefumba.

"Mungu wangu. Ilikuanzia wapi?"

"Kichwani, bibi. Kikavimba, kikavimba, mpaka mlango wa dada yangu ukawa haunitoshi."

Mwanamke mmoja akaguna kwa kicheko alichokibana. Bibi bado. "Sasa ndugu zako walishindwa kukuzika, mpaka uje kunichafulia ua?"

Ndugu zangu, jibu hili sikuliandaa, na mbele ya Mungu sijui lilitoka wapi. Nikasema, "Kazi za msibani wanafanya watani, bibi. Wangu niliwafukuza. Ndiyo maana nimejileta mwenyewe, kwa miguu yangu."

Nilisikia muhogo unaanguka kwenye beseni. Nikajua nimeharibu. Halafu ikaanza sauti moja, kama jokofu lililokaa stoo mwaka mzima: linatikisika kwanza, linakata, linatikisika tena, ndipo linawaka. Bibi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akateleza kwenye kigoda, wenzake wakamdaka, nao hawajiwezi. Na mimi maiti nikacheka, kuku akaruka.

"Nyamaza wewe, maiti haicheki!" akanifokea. Akanifunika kanga yake, akaanza kuomboleza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Uwiii! Kafa Mzaramo wetu! Alikuwa mtu mwema, ila alisalimia watu kama anasoma mita ya umeme! Alirudi na kila kitu kutoka Maskati, akasahau meno ya kuchekea!"

"Na viatu vizuri," akasema mwenzake, akinivua.

"Hivyo ndio ujira wa wazikaji," akasema bibi. Wakachukua na tai. Majirani walishajaa kwenye ua, wanapiga vigelegele. Niliponyanyuka na kujikung'uta mchanga, bibi akanishika sikio, akalivuta kama la mtoto, akasema, "Marahaba, mjukuu wangu."

Niliendesha gari mpaka Kibaha pekupeku.

Jumapili watani walikuja wote. Walikamata jiko tangu asubuhi. Bibi akatangaza hakuna sahani itakayotoka mpaka mimi nionyeshe lile jokofu walilolisikia, maana nilikuwa nimemsimulia. Basi nikasimama katikati ya shughuli, mbele ya shehe, wajomba na wakwe, nikanguruma. Dada alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Baadaye akaniletea chakula kwa mkono wake mwenyewe, akakaa karibu yangu. "Huyu ndiye niliyemsindikiza uwanja wa ndege," akasema. "Yule aliyerudi nilikuwa simjui." Akala kipande cha nyama kutoka sahani yangu, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mtoto. Idi nilikula kwake.

Nawashukuru watu wachache. Namshukuru mke wangu aliyenipeleka darasani bila kunicheka, au tuseme alinicheka nikiwa sipo. Namshukuru yule binti mwalimu, na wenzangu wa Jumamosi, ambao bado ninakwenda kwao mpaka leo. Siku hizi wananipa hadi nafasi za kuongea. Namshukuru dada kwa kunifungia mlango, maana angeniacha niingie nisingejua niko nje. Na namshukuru bibi kuliko wote.

Somo langu ni fupi. Mtu akikujia na jambo lake, hata kama ni la kipuuzi machoni pako, hata kama unajua zaidi yake, na mimi mara nyingi ninajua zaidi, lipokee kwanza. Mengine utayaongeza baadaye. Huwezi kumtengeneza mtu ambaye hujamsikiliza ananguruma vipi.

Na nina ombi moja kwa Mwenyekiti. Katika daftari letu la wanachama tumeandika jina la kila mtu, simu yake, na wa kupigiwa akifariki. Naomba tuongeze safu moja: watani wako ni nani, na wanapatikana wapi. Sisi hapa tumechanganyika, Wachaga, Wakurya, Wahaya, Wazaramo. Mmoja wetu akianguka kesho, tunajua kununua sanda au jeneza, lakini hatujui tumwite nani aje atuchekeshe. Tutajikuta tunazikana kwa ratiba.

Bibi nimemweleza ombi hili juzi. Amelikubali, kisha ameongeza lake. Amesema siku yake ikifika, anataka mimi ndiye nivae nguo zake na kukaa mlangoni, na nisitoke mpaka watoto wake wote wawe wamecheka, hata yule mkubwa aliyenuna tangu azaliwe. Nimekubali. Namwomba Mungu ampe miaka mingi sana, kwa sababu bado ninajifunza sauti yake. Lakini nawaambia bila kujisifu, ndugu zangu: hakuna mtu atakayewahi kuuziba ule mlango vizuri kuliko mimi.

Mwenyekiti, nimezidisha muda. Nasikia kule nyuma yule mama sasa anacheka. Ahsanteni kwa kunipokea.